Samaki gani wakae pamoja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tangi la kwanza la maji ya bahari

Haya ni maswali ambayo karibu kila anayeanza huuliza, awe Mombasa au Dar es Salaam ambako bahari iko karibu, au Nairobi ambako kila kitu husafirishwa. Majibu yanahusu tangi la lita 200 hivi, lenye mawe, mchanga na samaki wadogo, pengine na matumbawe laini machache. Majina ya Kilatini yamewekwa makusudi. Jina moja la dukani huweza kubeba samaki watatu wenye tabia tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza samaki na pesa.

## Kabla ya samaki

1. Nianze na tangi la ukubwa gani?

Lita 200 kama mfuko unaruhusu. Usishuke chini ya lita 100. Wengi hudhani tangi dogo ndilo rahisi kwa mgeni, lakini kwa maji ya bahari ni kinyume chake: maji machache hubadilika upesi. Chakula kilichobaki na kuoza, au adhuhuri moja ya joto kali, hulitikisa tangi la lita 40 kwa saa chache tu.

Kuna sababu nyingine inayohusu samaki wenyewe. Baharini, samaki anayefukuzwa huogelea mita kadhaa na ugomvi unaishia hapo. Ndani ya vioo vinne hana pa kwenda, na mwenzake hachoki. Nafasi na maficho ndiyo amani ya tangi.

Kumbuka pia uzito. Lita 200 za maji pekee zinazidi kilo 200, bado kioo, mchanga na mawe. Meza ya sebuleni haifai. Tengeneza stendi imara juu ya sakafu iliyo sawa.

2. Nimejaza maji leo. Samaki waingie lini?

Baada ya wiki nne hadi sita kwa kawaida. Samaki hutoa amonia, na amonia huwaua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji muda kujenga makao kwenye mawe na kichujio.

Weka kipande cha kamba mbichi kioze ndani ya tangi, kisha pima. Amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ikionekana, badilisha sehemu ya maji, kisha ndipo upokee samaki wa kwanza. Wauzaji wengine watakuambia utumie damseli hai, samaki wadogo wa miamba, kuanzisha tangi. Kataa. Unamtesa samaki, na akinusurika anakuwa mwenye nyumba (tazama swali la 8).

3. Niko pwani. Naweza kutumia maji ya bahari moja kwa moja?

Ndiyo, na ni bahati kubwa ambayo wenzetu wa bara hawana. Chota maji yakiwa yamejaa, mahali pa wazi, mbali na mito, mabomba ya maji taka na bandari. Wakati wa masika epuka kabisa ufuo ulio karibu na mto, kwa sababu maji ya mvua hupunguza chumvi na kuleta tope. Chuja kwa kitambaa safi, hifadhi gizani kwenye mapipa ya plastiki yasiyowahi kubeba kemikali, na pima chumvi kabla ya kutumia.

Aliye bara hutumia chumvi maalumu ya matangi ya baharini, akiichanganya na maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa osmosisi. Chumvi ya mezani haifai: haina kalisi, magnesi na madini mengine ya baharini.

4. Joto na chumvi viwe kiasi gani?

Joto nyuzi 24 hadi 27, na uzito wa chumvi 1.024 hadi 1.026 kwenye refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Kuyumba ni hatari kuliko namba yenyewe: tangi linalokaa nyuzi 27 siku zote ni bora kuliko linalopanda na kushuka kati ya 23 na 27 kila siku. Nairobi utahitaji hita. Pwani tatizo ni kinyume, hasa kuanzia Januari hadi Aprili. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au zaidi, lakini maji yatapungua haraka. Yanapopungua, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haipotei kwa mvuke.

## Kupanga orodha

5. Nitajuaje kama samaki wawili wataelewana?

Anza na mdomo. Samaki yeyote anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake ataingia siku moja, hata kama wamekaa pamoja miezi sita bila tatizo. Angalia urefu atakaoufikia akikomaa, usitazame alivyo dukani leo.

Kisha tazama makao. Gobi anakaa chini mchangani, kardinali anaelea katikati, wengine wanaishi ndani ya mashimo ya mawe. Samaki wanaotumia sehemu tofauti za tangi hugombana kidogo sana. Wanaogombea shimo moja hugombana kila siku.

Tatu, na hili huwashangaza wengi: adui mkubwa wa samaki mara nyingi ni yule anayefanana naye. Samaki wa miamba hulinda eneo dhidi ya wanaokula chakula kilekile na kutaka mwenza yuleyule. Umbo na rangi zikikaribiana, vita vinakaribia. Ndiyo maana kuweka "aina mbalimbali za kitatange wadogo" ni wazo baya, ilhali gobi na kitatange mdogo mmoja hawana habari na mwenzake.

Mwisho, kasi ya kula. Samaki mpole na wa polepole akiwekwa na walafi hafi kwa kuumwa. Hufa kwa njaa, na mwenye tangi hajui mpaka mgongo umechongoka.

6. Wangapi wanaenea katika lita 200?

Watano hadi saba, wote wakiwa chini ya sentimita 10 wakikomaa. Kanuni za kuhesabu sentimita kwa lita hazisaidii, kwa sababu samaki wa sentimita 20 hachafui maji mara mbili ya wa sentimita 10. Huyachafua mara kadhaa zaidi. Ukibaki na watano wenye afya, umefanya vizuri. Sehemu tupu kwenye tangi si kasoro ya kurekebishwa.

7. Nipe orodha moja ninayoweza kuanza nayo.

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayenunua Afrika Mashariki.

Klauni wawili wa aina ya *Amphiprion ocellaris*, wadogo, walionunuliwa pamoja. Maelezo yako swali la 9.

Gobi mmoja wa jenasi ya *Amblyeleotris* pamoja na kamba wa jenasi ya *Alpheus*. Kama una nafasi ya kitu kimoja tu cha kukushangaza, basi ni hawa. Kamba haoni vizuri. Anachimba shimo na kutoa mchanga mchana kutwa. Gobi anakaa mlangoni akilinda, na kamba anamgusa kwa kipapasio chake muda wote. Hatari ikija, gobi anatikisa mkia na wote wawili wanatoweka shimoni. Urafiki huu upo kwenye miamba yetu wenyewe, na ndani ya tangi unauona kwa karibu bila kupiga mbizi. Weka mchanga wa kina cha sentimita tano au zaidi wenye vipande vya changarawe, na hakikisha mawe yamekaa juu ya sakafu ya kioo, si juu ya mchanga, asije akachimba chini yake yakaanguka.

*Nemateleotris magnifica* mmoja: mbele mweupe, nyuma mwekundu, na mwiba mrefu mgongoni anaoupandisha na kuushusha. Anapatikana kuanzia pwani yetu hadi Pasifiki. Mpole mno. Wawili hupigana isipokuwa wakiwa mume na mke, kwa hiyo chukua mmoja. Huruka nje ya tangi akishtuka. Funika kwa wavu.

Kardinali wa Banggai, *Pterapogon kauderni*, mmoja au dume na jike waliokwisha kuchaguana. Madume wawili hawakai pamoja. Asili yake ni visiwa vya Banggai, Indonesia, na huko porini amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, hivyo tafuta aliyezalishwa. Dume hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, na siku hizo hali chakula, usidhani anaumwa.

Wa mwisho kabisa kuingia: *Centropyge acanthops*, kitatange mdogo wa Afrika Mashariki mwenye mgongo wa manjano na ubavu wa buluu, asiyezidi sentimita 8. Ana ukali kidogo na anaweza kudonoa matumbawe. Mmoja tu kwa tangi.

Tangi likishaota mwani wa kutosha kwenye mawe, baada ya miezi kadhaa, unaweza kuongeza *Salarias fasciatus*, mla mwani mwenye sura ya kuchekesha. Kabla ya hapo atakufa njaa.

8. Damseli ni bei rahisi na hawafi ovyo. Kwa nini nisianze nao?

Kwa sababu hawafi ovyo, na hawatoki ovyo pia. *Dascyllus trimaculatus*, mweusi mwenye madoa matatu meupe, na *Dascyllus aruanus*, mwenye mistari myeusi na myeupe, wako tele kwenye miamba ya Kenya na Tanzania na huuzwa kwa pesa kidogo wakiwa wadogo wa kupendeza. Wa kwanza hufikia zaidi ya sentimita 10. Huteka tangi zima, na kila mgeni anayeingia baadaye hukutana na meno. Kumtoa itakubidi uvunje mpangilio wote wa mawe. Katika orodha ya swali la 7 hana nafasi.

Kama unapenda kundi linaloogelea pamoja, watu hukutajia *Chromis viridis*. Ni wapole kwa wengine, lakini wao kwa wao katika tangi dogo huuana mmoja mmoja, wadhaifu kwanza. Waache mpaka uwe na tangi kubwa.

9. Nataka klauni. Lazima niwe na anemoni? Na je, wa kwetu wa pwani hafai?

Anemoni, mnyama wa baharini ambaye klauni huishi ndani yake, si lazima. Klauni aliyezalishwa ndani ya tangi huishi bila anemoni maisha yake yote, akijichagulia kona, pampu au tumbawe laini. Anemoni anahitaji taa kali na tangi lililokomaa, na akitembea hadi kwenye pampu akakatwa, huchafua maji kiasi cha kuua samaki wote. Mwachie mwaka wa pili.

Nunua wawili wadogo, mmoja mkubwa kidogo. Klauni wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume. Anayetawala hugeuka jike, na mwenzake hubaki dume. Ukinunua wawili wakubwa wasiojuana, pengine wote ni majike tayari, na mmoja atauawa. Watatu pia hapana: wawili wakioana, wa tatu hufukuzwa.

Wa kwetu ni *Amphiprion allardi* na *Amphiprion akallopisos*. Wote ni wazuri. Allardi ni mkubwa na mkali kuliko ocellaris, hivyo kwa lita 200 punguza majirani zake. Usichanganye aina mbili za klauni katika tangi moja.

10. Nani aingie kwanza?

Mpole zaidi atangulie, mkali afuate. Gobi na kamba wake, kisha *Nemateleotris*, kisha kardinali, kisha klauni, mwisho kitatange mdogo. Aliyetangulia huhesabu tangi kuwa lake. Mkali akikuta wenyeji wametulia, ukali wake hupungua. Acha wiki mbili au zaidi kati ya mmoja na mwingine ili bakteria waongezeke kulingana na uchafu mpya.

## Wanaotamaniwa na wasiofaa kwa sasa

11. Kangaja wa buluu je?

*Acanthurus leucosternon* ni fahari ya Bahari ya Hindi na ninaelewa kabisa anayemtamani. Lakini hufikia zaidi ya sentimita 20, huogelea siku nzima, hushikwa na ugonjwa wa madoadoa meupe kuliko karibu samaki wote, na ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia. *Paracanthurus hepatus* hukaribia sentimita 30. Hawa ni wa tangi la lita 500 na zaidi, chini ya mtu mwenye uzoefu. "Nitamhamisha akikua" ni ahadi ambayo wachache huitimiza.

12. Kitatange wenye umbo la kipepeo?

Wengi wao hula matumbawe hai na hawajui chakula kingine. *Chaetodon trifascialis*, kwa mfano, hutegemea matumbawe ya *Acropora* na dukani hukataa kila unachompa. Kumnunua ni kumtazama akikonda.

13. Samaki msafishaji si atawaondolea wenzake wadudu?

*Labroides dimidiatus* huvuliwa sana pwani ya Kenya kwa biashara hii. Kwenye mwamba huhudumia samaki wengi kila siku, na hicho ndicho chakula chake. Samaki sita wenye afya hawamtoshi, na wengi hufa njaa. Hatibu madoadoa meupe (tazama swali la 17). Isitoshe, yupo anayemwiga karibu mstari kwa mstari, *Aspidontus taeniatus*, ambaye hunyofoa mapezi ya wenzake. Mtambue kwa mdomo: wa kwake uko chini ya pua, wa msafishaji wa kweli uko mbele. Ukitaka msafishaji, chukua kamba *Lysmata amboinensis*, ambaye hula pia mabaki ya chakula.

14. Chewa, mkunga, kikande, bunju, *Pterois*?

Kila mmoja aweza kufugwa, lakini si na orodha ya swali la 7. Chewa, mkunga na *Pterois* humeza wenzao. Kikande huvunja kaa na konokono na huuma hata mkono. Bunju hukata mapezi. *Pterois* ana miiba yenye sumu. Ukichomwa, zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika bila kuunguza, na uende hospitali.

Samaki wa umbo la sanduku, *Ostracion*, ana hatari ya pekee: akishtuka sana hutoa sumu kwenye ngozi inayoweza kuua tangi zima, yeye mwenyewe akiwemo.

15. Kamba, konokono na kaa wanakaa na samaki hawa?

Konokono na kamba, ndiyo. Kaa wengi hapana. Wakikua huwinda usiku.

## Kununua na kufika nyumbani

16. Nitamtambuaje samaki mzima dukani?

Omba umwone akila. Hili pekee linazidi dalili nyingine zote. Kisha tazama tumbo lisilobonyea, macho maangavu, pumzi ya utulivu, mapezi yaliyofunguka, ngozi isiyo na vumbi wala doa. Kama samaki mmoja aliyekufa yumo kwenye tangi hilohilo, rudi siku nyingine. Samaki aliyeshuka kwenye ndege jana usimchukue. Lipa amana, mwache dukani wiki nzima.

17. Lazima karantini?

Ndiyo. Tangi tupu la lita 40 lenye kichujio, hita na vipande vya bomba la plastiki kama maficho latosha. Wiki nne. *Cryptocaryon irritans*, kimelea cha madoadoa meupe, hushuka kutoka kwa samaki, hujificha kwenye mchanga, kisha huzaana na kurudi kwa wingi. Akishaingia tangi kuu, itabidi samaki wote watoke na tangi likae bila samaki wiki sita au zaidi. Dawa ya shaba hutibu, lakini huua kamba na konokono, kwa hiyo haimiminwi kamwe kwenye tangi lenye mawe.

Siku ya kumpokea, acha mfuko uelee majini dakika 15 usawazishe joto, kisha dondosha maji ya tangi kidogo kidogo. Aliyesafiri saa nyingi asicheleweshwe: mfuko ukifunguliwa, amonia iliyokusanyika huwa kali zaidi. Maji ya mfuko yamwage, usiyaingize tangini.

18. Naweza kuvua mwenyewe wakati wa maji kupwa?

Si bila ruhusa. Kenya uvuvi wa samaki wa mapambo unahitaji leseni, na ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Kisite, Watamu na Malindi hakuna kinachovuliwa. Tanzania nayo ina maeneo yaliyofungwa, Chumbe likiwa mojawapo. Matumbawe magumu na farasi wa baharini wako pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anza kwa ofisi ya uvuvi na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya eneo lako. Mvuvi mwenye leseni anayetumia wavu mdogo kwa uangalifu anastahili kulipwa vizuri kwa kazi hiyo.

## Mambo yakienda mrama

19. Mmoja anawafukuza wenzake. Nifanyeje?

Siku mbili tatu za kufukuzana ni kawaida. Mapezi yakichanika au mmoja akiacha kula, ingilia. Hamisha mawe: mipaka ya kila mtu ikivurugika, wote huanza upya. Kioo cha kujitazamia kikibandikwa nje ya tangi humshughulisha mkorofi kwa saa kadhaa. Isipotosha, mtie mkorofi, si mwathirika, kwenye kisanduku chenye matundu ndani ya tangi kwa wiki moja. Bado? Mrudishe dukani.

20. Samaki ametoweka.

Tazama sakafuni kwanza, nyuma ya stendi, kisha kwenye kichujio. Kama hayuko, pima amonia leo na kesho. Ikiwa sifuri, usifumue mawe. Gobi huweza kujificha wiki nzima.

21. Umeme ukikatika?

Kinachokwisha kwanza ni hewa, na maji ya joto hubeba hewa pungufu kuliko ya baridi. Kuwa na pampu ya hewa ya betri, ijaribu kila mwezi. Usiwalishe. Bila pampu, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu kila baada ya dakika kumi. Waliojaza tangi kupita kiasi hupoteza samaki mapema zaidi, jambo linaloturudisha swali la 6.

22. Samaki wangu amekuwa mkubwa na alitoka bahari hiihii. Nimrudishe?

Hapana, hata kama unaishi hatua chache kutoka ufuoni. Amekaa na samaki wa Indonesia au Karibi na anaweza kubeba vimelea ambavyo mwamba wetu hauvijui. Na kama si wa hapa, madhara ni makubwa zaidi: *Pterois* wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana mara ya kwanza Florida mwaka 1985, chanzo kikiaminika kuwa matangi ya nyumbani, na leo ameenea Karibi yote akila samaki wachanga wa miamba. Mpe mwenye tangi kubwa, au umpeleke kwa duka lililokuuzia. Maduka mengi humpokea bila kukulipa, na wengine hukubadilishia kwa chakula cha samaki.